Bunduki ya Mtumba: Mauser ya Mjerumani na Watu Waliotoka Kwetu



Juzi tulikuwa pale kwenye sola tunapochajia simu, kijana mmoja akanionyesha video. Mzee wa Kimarekani, kofia kichwani, yuko shambani kwake na bunduki ndefu ya zamani. Anaingiza risasi moja, moja tu, anasukuma komeo, analenga, anafyatua. Mlio ni mzito, si ule wa ta-ta-ta tunaoujua sisi. Halafu moshi mweupe unamfunika hadi haonekani. Vijana wakacheka. Mmoja akauliza, "Hiyo ni bunduki ama jiko la kuni?" Mwingine akasema kitu cha zamani namna hiyo ni cha kutundika ukutani tu, hakituhusu sisi hata kidogo.

Hapo nikabisha. Nikawaambia hiyo ni Mauser ya Mjerumani, na kuna watu waliotoka kwenye nchi hii ya Nile tunayokaa waliobeba bunduki kama hiyo begani hadi Bagamoyo, hadi Iringa, miaka zaidi ya 130 iliyopita. Hawakuniamini. Simu zikajaa chaji, kila mtu akaenda zake. Basi naandika hapa, na wale wa pale kwenye sola wajue nawasema wao.

Kwanza tumalize habari ya huyo mzee. Ulaya na Marekani kuna watu wengi ambao starehe yao ni kukusanya bunduki za kijeshi za Mjerumani. Kule Marekani sheria ya taifa ya mwaka 1968 inahesabu bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake kuwa kitu cha kale, kwa hiyo haifuati ule mlolongo wote wa karatasi wa bunduki za sasa. Mkusanyaji wa kweli hanunui bunduki peke yake. Anataka na singe yake, na ala ya singe, na mkanda wa ngozi wa begani, na mifuko ya risasi ya kiunoni, na ufito wa kusafishia mtutu. Anaangalia namba zilizogongwa kwenye chuma: namba ya mtutu ilingane na ya komeo, hata vipande vidogo vilingane. Zikilingana zote bei inapanda, maana bunduki haijachanganywa na vipande vya nyingine. Anasoma na mihuri, kama imetoka Spandau, ama Amberg, ama Danzig, na mwaka gani.

Kuipiga nako ni kazi. Risasi zake si za kwenda dukani tu kununua. Wengi wanatengeneza wenyewe: wanayeyusha madini ya risasi, wanayamimina kwenye kalibu, wanajaza baruti nyeusi kwenye ganda la shaba nyeupe na njano, wanakandamiza. Wakishapiga, siku hiyo hiyo lazima waoshe mtutu kwa maji, kwa sababu masizi ya baruti nyeusi yanavuta unyevu na chuma kinaota kutu. Mimi sina ubaya na watu hao. Mtu anayetunza kitu cha kale anaisaidia historia, na wengine wao wanajua habari za skrubu moja kuliko mwalimu wangu wa historia alivyojua habari za vita vizima. Ila kwenye seti yao kamili, habari za mtu aliyeibeba hiyo bunduki huwa hazimo.

Sasa bunduki yenyewe. Inaitwa Modeli 71, kwa sababu ya mwaka 1871, mwaka ule ule Wajerumani walipoungana kuwa dola moja baada ya kumpiga Mfaransa. Waliobuni ni ndugu wawili, Wilhelm na Paul Mauser, watu wa mji mdogo wa Oberndorf. Ni ndefu, kama mita 1.35, na uzito wake ni kilo nne na nusu hivi. Mtutu wake una upana wa milimita 11. Kipande cha risasi kinachotoka ni gramu 25 za madini laini. Wale mnaojua kalash mtalinganisha: kipande cha kalash ni kama gramu 8 tu. Kwa hiyo hiyo ya mzee ni kama mara tatu yake.

Inabeba risasi moja. Unavuta komeo nyuma, kama komeo la mlango, unaweka risasi, unasukuma mbele, unalikunja chini, unapiga. Halafu kuna jambo moja linalonichekesha kila nikisoma. Haina kifaa cha kutupa ganda nje. Ukivuta komeo, ganda linatoka kwenye mtutu lakini linabaki limelala pale pale. Lazima uinamishe bunduki pembeni lidondoke, ndipo uweke jingine. Mtu mwenye mkono mwepesi anaweza. Lakini fikiria uko vichakani, jasho machoni, mtu anakukimbilia na mkuki.

Wakati inatoka ilikuwa bunduki nzuri kabisa, haikuwa takataka. Kilichoiua ni moshi. Mwaka 1884 Mfaransa mmoja, Paul Vieille, alivumbua baruti isiyotoa moshi mwingi na yenye nguvu zaidi, na mwaka 1886 jeshi la Ufaransa likapata bunduki mpya ya kuitumia, jina lake Lebel. Ghafla mwanajeshi wa Ufaransa alikuwa anaweza kupiga bila kuonekana alipo, huku mwenzake wa Ujerumani akipiga mara moja tu anajitangaza kwa wingu jeupe. Wajerumani wakaharakisha, wakatoa yao ya baruti mpya mwaka 1888. Na zile Modeli 71, ambazo zilikuwa malaki kwa malaki? Zikawa nguo ya mwaka jana.

Ninyi mnajua nguo ya mwaka jana ya Ulaya huishia wapi. Tunaivaa.

Zilisambaa kila upande. Nyingine waliuziwa wapiganaji wa Ireland, waliozipokea kwa meli mwaka 1914 na kuzitumia dhidi ya Mwingereza katika mapigano ya Dublin mwaka 1916. Lakini kundi linalotuhusu sisi lilikuja Afrika Mashariki, na lilikuja mwaka mmoja tu baada ya Ujerumani kupata bunduki mpya. Yaani kabati lilisafishwa, mzigo ukaletwa huku.

Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilianza kutawala pwani ya Tanganyika iliyokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Watu wa Pangani na miji mingine ya pwani wakakataa, wakainuka, kiongozi wao mkubwa akiwa Abushiri bin Salim al-Harthi. Kampuni ikashindwa. Serikali ya Ujerumani ikamteua Hermann von Wissmann awapige. Yeye hakutaka kuleta vijana wa Kijerumani wafe kwa malaria. Akaenda Cairo.

Kwa nini Cairo? Kwa sababu Cairo ilikuwa imejaa wanajeshi wasio na kazi. Mahdi alikuwa ameiteka Khartoum mwezi Januari 1885, na Misri ikapoteza Sudan. Wanajeshi weusi wa jeshi la Misri waliopona walirudishwa Misri na wengi wakaachishwa kazi. Wissmann akaandika watu wapatao 600 mwaka 1889. Wajerumani waliwaita wote kwa jina moja, Wasudani. Lakini tuulize, walikuwa Wasudani wa wapi? Jeshi la Misri lilikuwa limejaza vikosi vyake kwa miaka mingi na watu wa juu ya Nile: Washilluk, Wadinka, watu wa milima ya Nuba na wengine. Wengi walikuwa wamekamatwa utotoni au ujanani na wafanyabiashara wa watumwa, au na serikali yenyewe, wakavalishwa sare. Gondokoro, ng'ambo ya mto hapa Juba, ilikuwa kituo cha biashara hiyo ya pembe za ndovu na watu. Ukisimama darajani ukitazama mashariki unaona upande huo huo.

Kwa hiyo mtu anaibwa kwao, anafanywa mwanajeshi wa Mturuki na Mmisri, anashindwa vita, anakaa Cairo bila mshahara, anakuja Mzungu mwingine na kalamu. Anapewa bunduki ambayo jeshi la huyo Mzungu halikuitaka tena kwa vita vya Ulaya. Anapakiwa kwenye meli na mke wake na watoto wake, kwa maana wengi walisafiri na familia zao, anashushwa pwani ya watu asiowajua ili awapige. Mimi nikisoma hapo huwa naweka kitabu chini kidogo. Sisi tuliokulia kambini tunajua kidogo maana ya kuandikwa jina kwenye orodha na kupakiwa kwenye gari bila kujua vizuri unakokwenda.

Hapo mtu asichanganye na kundi jingine. Karibu na Juba, kaskazini kidogo, ukingo wa magharibi, palikuwa na Lado, makao makuu ya mkoa wa Equatoria. Gavana wake wa mwisho alikuwa Mjerumani pia, Eduard Schnitzer, aliyejiita Emin Pasha. Askari wake walikatwa na vita vya Mahdi wakabaki huku juu. Mwaka 1891 Lugard aliwachukua wengi wao kwenda Uganda kumsaidia Mwingereza. Wajukuu wao ndio Wanubi wa Bombo na wa Kibera, na lugha yao ya Kinubi ni ndugu wa Kiarabu cha Juba. Aliyekaa Nairobi akaenda Kibera anajua: ukisema Kiarabu cha sokoni hapa Konyo Konyo, mzee wa Kinubi anakuelewa. Hao walikwenda kwa Mwingereza. Wale wa Cairo walikwenda kwa Mjerumani. Mizizi yao ni ya karibu.

Na walituachia neno. Wanajeshi wale walikuwa na cheo cha Kituruki, effendi. Kwenye Kiswahili likawa afande. Leo kila polisi kuanzia Mombasa hadi Kigoma anaitwa afande. Nikiwa Kakuma nilidhani ni Kiingereza kilichoharibika, mwalimu akanicheka.

Basi Wissmann alifika Bagamoyo mwaka 1889 na Wasudani wake, pamoja na watu wengine aliowapata Msumbiji, waliojulikana kama Wazulu. Walimpiga Abushiri mji kwa mji. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Jeshi lile la kukodi likageuzwa mwaka 1891 kuwa jeshi rasmi la koloni, Schutztruppe, yaani kikosi cha ulinzi. Ulinzi wa nani, hilo waulize Wahehe.

Wahehe ndio waliotoa somo kuhusu bunduki hii. Tarehe 17 Agosti 1891 Emil von Zelewski, aliyeitwa Nyundo, alikuwa anapitisha kikosi chake Lugalo, karibu na Iringa. Watu wa Mtwa Mkwawa walikuwa wamejificha vichakani na mikuki. Waliruka kutoka pande zote. Rudi sasa kwenye lile ganda linalobaki limelala. Askari alipata nafasi ya risasi moja, labda mbili, kisha mkuki ukafika. Baada ya muda mfupi Zelewski alikuwa amekufa pamoja na sehemu kubwa ya kikosi, na Wahehe wakaondoka na bunduki zipatazo 300.

Nawaza sana kuhusu Wasudani waliolala pale Lugalo. Wengine walikuwa wamepona vita vya Mahdi. Wakaja kufia kwenye nyasi za Iringa, mikononi mwa watu ambao walikuwa wanatetea kwao, na hapakuwa na mtu pale aliyejua mama zao walikuwa vijiji gani. Na nawaza vilevile kwamba Wahehe walikuwa na haki. Mambo yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja.

Mkwawa alipata zile bunduki, lakini risasi zake za kutosha angezitoa wapi? Mwaka uliotangulia, 1890, mataifa makubwa yalikuwa yamekubaliana Brussels kuzuia bunduki za kisasa na risasi zake zisiingie sehemu kubwa ya Afrika. Walisema ni kwa ajili ya kukomesha biashara ya utumwa, na ni kweli wafanyabiashara wa watumwa walitumia bunduki. Lakini matokeo yake ni kwamba Mwafrika wa kijijini alibaki na gobore lake la kujazia mdomoni, na mtawala akawa na ya komeo. Mwaka 1894 Wajerumani waliibomoa ngome ya Kalenga kwa mizinga. Mkwawa alikimbia porini miaka minne, na tarehe 19 Julai 1898 alijipiga risasi ili asikamatwe. Wakamkata kichwa. Fuvu lililotambuliwa kuwa lake lilirudi mwaka 1954 na liko Kalenga hadi leo.

Halafu ikaja Maji Maji, 1905 hadi 1907. Hapa sitakaa sana kwa sababu wengi mlisoma shuleni. Ninachotaka mkumbuke ni nani alikuwa nyuma ya bunduki. Kufikia wakati huo askari wengi walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma na watu wengine wa bara ya Tanganyika, lakini Wasudani wazee walikuwa bado na vyeo. Watu wa kusini walikwenda mbele wakiamini dawa itageuza risasi kuwa maji. Bunduki ya komeo na bunduki za rashasha zikawaua. Na kilichoua wengi zaidi hakikuwa risasi. Askari walichoma maghala na mashamba kwa amri, njaa ikaingia. Wanahistoria wengi wanakadiria waliokufa kuwa kati ya 250,000 na 300,000. Kwa hiyo kama kuna mtu kwenye kundi letu anayetaka kujivuna kwamba babu wa babu zetu walikuwa wanajeshi hodari wa Mjerumani, ajivune taratibu. Walikuwa hodari. Na walichoma chakula cha watu.

Mwaka 1914 vita vya dunia vilipoanza, Ulaya Mjerumani alikuwa anapigana na Modeli 98, bunduki ya risasi tano, mtutu wa milimita 7.92, isiyo na moshi mwingi. Huku Tanganyika alikuwa na kampuni 14 za askari, watu wapatao 2,500, na nyingi kati ya kampuni hizo bado zilibeba ile ile ya 1871. Miaka arobaini na mitatu! Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alilalamika mwenyewe kwamba moshi unawaonyesha askari wake walipo. Adui anangoja tu wingu liinuke juu ya majani, anapiga chini yake.

Wakafanya nini? Wakaanza kubadilisha bunduki kwa kumnyang'anya adui. Mwezi Novemba 1914 Waingereza walishusha Tanga jeshi la watu kama 8,000 kutoka India. Lettow alikuwa na kama 1,000. Mapigano yalikuwa ya vichakani, na nyuki walitoka mizingani wakawang'ata watu wa pande zote, ingawa Waingereza waliona kama nyuki wako upande wa Mjerumani. Waingereza walikimbilia melini wakaacha bunduki za kisasa za kutosha kampuni tatu, bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000. Askari waliokuja na mtumba wakaondoka na mpya.

Aprili 1915 meli ya Mjerumani iliyojifanya ya Denmark iliingia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, Waingereza wakiifuata nyuma. Ikapigwa mizinga ikawaka. Waingereza walidhani imekwisha, wakaondoka. Wajerumani wakawatumia watu kuzamia na kutoa mzigo: bunduki mpya za Modeli 98 na risasi mamilioni zilizolowa maji ya chumvi. Risasi hizo zilifunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa juani kama dagaa, zikafungwa tena. Nyingine hazikuwaka zilipopigwa. Fikiria kuvuta kifyatulio ukasikia "tik" tu. Mkusanyaji wa leo anatengeneza risasi zake kwa starehe, Jumamosi, chai iko pembeni. Hawa walikuwa wanafanya kazi ile ile kwa sababu vita viko mlangoni.

Na vifaa, ile seti niliyoisema mwanzo? Askari alikuwa nayo pia. Singe, mkanda, mifuko ya risasi, kofia yenye kitambaa cha nyuma ya shingo. Lakini seti yake ilikuwa na watu. Nyuma yake alikuja mke wake, na sufuria, na mtoto, na mara nyingi kijana wa kumbebea mizigo. Nyuma zaidi wakaja wapagazi, wengi wao wamekamatwa kwa nguvu vijijini, kila mmoja na mzigo wake kichwani. Waingereza nao walikuwa na wapagazi wao, mpaka mtaa wa Dar es Salaam walipokaa ukaitwa Kariakoo, kutokana na jina la kikosi chao kwa Kiingereza. Waliokufa kwa kuhara, njaa na uchovu ni makumi ya maelfu. Hakuna mtu anayekusanya kata yao ya kubebea mzigo.

Mwisho wa vita una hesabu moja ninayoipenda. Tarehe 25 Novemba 1917 Lettow alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji, akawapiga Wareno pale Ngomano, akachukua bunduki zao. Hizo bunduki za Wareno, cha ajabu, nazo zilikuwa Mauser, za milimita 6.5, zilizotengenezwa Ujerumani na kuuzwa Ureno. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, alisalimisha silaha Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, Zambia. Habari ya kusimamisha vita Ulaya ilikuwa imechelewa kumfikia. Askari 1,168 walipanga chini bunduki 1,071. Zote ziliandikwa kuwa za Kiingereza na za Kireno. Jeshi la Mjerumani lilimaliza vita bila bunduki ya komeo ya Mjerumani hata moja kwenye orodha.

Askari wale walikuwa wanadai mishahara ya miaka. Kamanda alikwenda Ujerumani akapokelewa Berlin kwa gwaride. Wao walipelekwa kwanza kambini Tabora kama mateka, halafu wakaachwa waende makwao. Wale ambao asili yao ilikuwa huku kwetu, kwao kulikuwa wapi? Walikuwa wamezaa Tanganyika, wamezeeka Tanganyika. Watoto wao wakawa Waswahili wa mijini.

Sasa niwajibu wale wa pale kwenye sola waliosema mambo ya zamani hayatuhusu. Agosti 1955 wanajeshi wa Torit walipoasi, walikuwa na bunduki za komeo walizoachiwa na Mwingereza. Anyanya walipoanza vita miaka ya sitini walikuwa na mikuki, mapanga na bunduki chache za namna hiyo. Silaha nyingi walizipata mwaka 1965, wakati waasi wa Simba waliposhindwa Kongo na bunduki zao zikavuka mpaka kuja huku. Halafu ikaja kalash, iliyobuniwa mwaka 1947 kwa ajili ya jeshi la Urusi, ikatufikia baada ya wengine kuitumia. Kaka zetu wameibeba kwa namna ile ile. Mimi sijawahi kuona kiwanda cha bunduki Sudan Kusini. Nimeona makaburi.

Nimalizie na kisa kimoja ambacho kinasimuliwa sana, nami nawapa kama kinavyosimuliwa. Lettow alikufa mwezi Machi 1964. Mwaka huo Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa zamani waliokuwa bado hai, na ofisi ya muda ikafunguliwa Mwanza, kwenye Ziwa Victoria. Walikuja wazee kama 350. Wachache tu walikuwa na cheti. Wengine walileta vipande vya sare, wengine hawakuwa na chochote ila maneno. Mtu wa benki aliyeleta hela (na neno hela lenyewe ni sarafu ya Mjerumani, heller) hakujua amlipe nani amwache nani. Akachukua fagio. Akampa kila mzee kwa zamu, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani: bega silaha, shusha silaha, heshima toa.

Inasemekana hakuna mzee aliyekosea hata mmoja.

Nauliza tu: kama nyumbani kwenu kuna babu au bibi anayekumbuka habari za askari wa Mjerumani, wa Mwingereza, au za Anyanya, mwandike hapa chini kabla hajaondoka nazo. Kiarabu cha Juba, Kiswahili, Kidinka, vyovyote. Nitatafuta mtu wa kutafsiri. Na yule mwenye ile video anitumie, nataka kuitazama tena pale anapotoa ganda.